Dani alisema mdomo uko na uchungu, mimi nikaandika maumivu

Swali:

"Mwalimu, mimi ni muhudumu wa afya ya jamii hapa Nyalenda, Kisumu, lakini nimezaliwa na kusomea Nakuru kwa hivyo Kijaluo changu ni cha kuombea maji tu. Mwezi uliopita dani mmoja, yaani nyanya kwa Kijaluo, aliniambia mdomo wake uko na uchungu tangu Jumanne. Nikaandika kwa fomu 'maumivu ya mdomo', nikamtuma kiliniki, nasi (muuguzi wa hapo) akaangalia fizi, akaangalia ulimi, hakuna kidonda, dani akarudi nyumbani amekasirika. Wiki hio hio mama mmoja mjamzito akanitumia meseji saa nne usiku, 'niko na uchungu'. Nikadhani wamekosana na mzee wake tena, nikamjibu pole mama, omba Mungu, kesho nitapita. Alijifungulia kwa tuktuk. Mtoto yuko sawa, nashukuru, lakini mimi sijalala vizuri tangu hio siku. Na sasa kwa grupu yetu ya WhatsApp nikiuliza kwa nini posho imechelewa naambiwa 'wacha uchungu'. Mwalimu wangu wa shule alituambia uchungu ni ladha peke yake, kitu kikiuma hayo ni maumivu, basi. Je, watu wameharibu hili neno ama ni mimi sijui Kiswahili? Na kwa fomu niandike nini?"

Jibu:

Dada yangu, nianze na yule mama wa tuktuk juu naona hapo ndipo roho yako imebaki. Kiswahili unakijua. Meseji yenyewe ilikuwa maneno matatu, niko na uchungu, na hayo matatu yanabeba mzigo wowote ule, mtu amekosana na bwanake, mtu ana jino, mtu amefiwa, mtu yuko karibu kuzaa. Ulichukua maana moja kwa sababu stori ya hio nyumba ulikuwa unaijua tayari. Kilichokosekana ni swali la kumrudishia, uchungu gani, umekushika wapi, na hilo ndilo nataka tukae nalo hapa, maana hata ubebe kamusi yote kwa mkoba haitakusaidia saa nne usiku kama hujui uangalie wapi kwa sentensi. Mimi kazi yangu ni Kiswahili na ukalimani, nimesimama kando ya vitanda vya wodi miaka mingi nikimwambia daktari mgonjwa anasema nini, na hili neno ndilo limenisumbua kuliko majina yote ya magonjwa.

Mwalimu wako wa shule usimlaumu sana, alikuwa anawatayarisha kwa mtihani na mtihani unapenda neno moja maana moja. Lakini hapo alikosea. Kamusi za Kiswahili zenyewe zinaweka kwa uchungu ladha ya kitu kama shubiri, zinaweka maumivu ya mwili, zinaweka huzuni na hasira, zinaweka maumivu ya kuzaa, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyoletwa juzi na vijana. Pwani ukienda Mombasa ama Lamu utakuta wanasema utungu, kwa sababu ile ch ya Unguja kule inakuwa t, nchi ni nti, kucheka ni kuteka. Sasa mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe ndicho Kiswahili cha vitabu, na kamati ya lugha ikaanza kazi 1930, basi uchungu ndio ukaingia darasani, lakini utungu haukufa, ulibaki kwa mambo ya uzazi na mpaka leo kamusi inakuambia utungu ni maumivu ya mama anapojifungua. Mimi huwa natamani huku bara tungeushika huo utungu tuuweke kwa kazi hio moja, tungepunguza shida nusu. Lakini lugha haipangwi na mtu mmoja, na huyo mama wa Nyalenda hawezi kukutumia neno ambalo hajawahi kulisikia.

Swali lenye linafaa kuulizwa ni hili, ladha ya ulimi imefikaje mpaka kwa tumbo la mama anayezaa? Angalia mtoto mchanga ukimwekea dawa chungu mdomoni, hajafundishwa na mtu lakini anakunja uso, anatoa ulimi nje, anarusha mikono. Mwili wa binadamu una vipokezi vya ladha chungu kama aina 25 hivi, na utamu wa sukari unapitia aina moja tu. Hio ni kwa sababu sumu nyingi za mimea ni chungu, na mwili ulijifunza zamani kuzikataa kabla hazijafika tumboni. Watu wa Busia na Teso wanajua hii vizuri, mihogo michungu ina sianidi, ndio maana inamenywa, inalowekwa ama inafunikwa ichache, inaanikwa, halafu ndio inaenda kwa posho mill. Kwa hivyo uchungu ni ile ladha mwili unaikataa wenyewe bila kukuuliza. Na kila kitu kingine ambacho mwili unakikataa hivyo hivyo, kidonda, kuachwa, kufiwa, kutukanwa, uso ukikunjika vile vile, Waswahili wakakiita jina lile lile. Mimi sioni uharibifu hapo, naona watu walioangalia uso wa mwenzao vizuri.

Na kuna kitu kingine hapa kitakusaidia kazini. Mwaka wa 1931 huko Marekani mwanakemia mmoja anaitwa Arthur Fox alikuwa anamimina unga fulani maabara, ukapeperuka, mwenzake akalalamika ni mchungu kabisa, na yeye Fox akiuonja hasikii chochote. Ndio watu wakaanza kuchunguza na ikajulikana hii inarithiwa, kuna watu wanazaliwa ulimi wao hausikii uchungu wa aina fulani na ndugu yao anausikia. Kwa hivyo dani akikuambia kitu ni kichungu usionje ukamwambia mbona mimi sioni, ulimi wake si ulimi wako.

Kwetu Kakamega uchungu haukuwa adui hata. Mama yangu alikuwa akipika mboga ya tsisaga, nyinyi Kisumu mnaita dek, anachemsha, anamwaga maji ya kwanza yenye yamekuwa ya kijani nzito, anaweka kwa chungu cha udongo chenye kimekuwa cheusi tititi nje, anaongeza maziwa, anafunika na jani la ndizi, inalala. Kesho yake anafunua, anachovya kidole, anaonja, anatingisha kichwa, anaongeza maziwa tena kidogo. Siku ya pili ndio tunakula na ugali, na uchungu bado uko, umelainika tu, umekaa nyuma ya ulimi. Akisema hii mboga iko na uchungu wake, hio ilikuwa sifa. Mboga ya osuga ni hivyo, mboga ya mito ni hivyo. (Na usichanganye chungu cha kupikia na chungu cha ladha, hayo si ndugu. Cha kupikia ni ki- imekutana na -ungu, wingi vyungu, kikiwa kikubwa ni jungu. Cha ladha hakibadiliki hivyo, tunasema dawa chungu moja na dawa chungu kumi. Halafu ile chungu nzima ya kusema vitu vingi, angalia ni nzima, ingekuwa ya sufuria ya udongo tungesema chungu kizima. Na wale wadudu wadogo sisimizi wanaitwa chungu pia, nao wana ukoo wao.)

Sasa turudi kwa dani, na hapa lazima nikuingize kwa Kijaluo kidogo hata kama chako ni cha maji. Mjaluo ana neno kech, ndio uchungu wa ladha, mboga makech, dawa makech. Kitu kikiuma hasemi kech, anasema rama, wiya rama ni kichwa kinaniuma, iya rama ni tumbo. Kuzaa nako kuna neno lake, muoch. Ona basi, vitu vitatu kwa maneno matatu, na huyo dani akija kwa Kiswahili anakuta kwa majina mlango mmoja tu, uchungu, anaweza kuingiza vyote hapo. Alichokuambia wewe kichwani mwake kilikuwa dhoga kech, mdomo wangu ni mchungu, yaani ladha. Kama mdomo ungekuwa unauma angesema dhoga rama na kwa Kiswahili bila shaka angekuambia mdomo inaniuma. Neno la kitendo, kuuma, lingetokea. Kwa hivyo alikuambia ukweli sawasawa, na wewe ukautafsiri mara ya pili bila kujua umetafsiriwa tayari mara ya kwanza. Na ujue pia kila lugha inavuta hii ladha upande wake, Mjaluo akisema ng'at makech anamaanisha mtu mkali, na sisi Waluhya tunasema mtu ni omululu, neno la uchungu hilo hilo, tukimaanisha mkali. Kwa hivyo siku mzee atakuambia nasi wa hapo ni mchungu, usifikirie nasi ana huzuni.

Njia yenyewe ninayotumia ni hii, usiangalie uchungu, angalia wale wanaotembea nao. Ikiwa ni chungu bila u- na imeshikana na kitu cha kuingia mdomoni, chai chungu, dawa chungu, maji machungu, hio ni ladha na hakuna shida (ukweli mchungu na maneno machungu yamepanda gari hilo hilo, lakini hayo unayajua). Ikiwa ni "uchungu wa", halafu kiungo cha mwili kinafuata, uchungu wa mgongo, uchungu wa jino, hayo ni maumivu. Ikiwa mtu anaona uchungu, naona uchungu vile alinifanyia, hapo kuna jeraha la moyo na hasira ndani yake. Ikiwa ni uchungu na, ana uchungu na watoto wa huu mtaa, ana uchungu na nchi yake, basi huyo anapenda, anajali mpaka anaumia wengine wakiumizwa, na hii ndio maana nzuri kuliko zote na imetoka kwa kuzaa moja kwa moja, ndio wazee wakasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Yule mwili wake uliumia kwa ajili yako ndiye anaumia ukiumia.

Halafu kuna ile ya kukuamsha usiku. Ukiona uchungu wenyewe ndio unafanya kazi kwa sentensi, umenishika, umeanza, unakuja unaenda, umeongezeka, umekaribiana, huyo ni mama anazaa. Maumivu mengine mtu ndiye anayo. Huu wa kuzaa ndio una mtu. Yule mama wako aliandika niko na, hakuandika umenishika, kwa hivyo hata mtaalamu angeweza kupotea, na ndio maana kwa mjamzito sheria yangu ni moja bila kujali ameandika nini, uchungu ni wa kuzaa mpaka ujue kwa hakika sio. Unapiga simu, haujibu kwa meseji. Unauliza unakuja na kuacha ama umekaa tu? Kiuno ama tumbo? Maji yamemwagika? Kuna damu? Mtoto anacheza? Afadhali nauli ya boda ya bure mara kumi.

Na kwa wale wengine wote nakuomba uache jina ufuate kitendo. Jina uchungu linaficha, na hata maumivu linaficha vile vile, ndio maana sikubaliani na mwalimu wako kwamba maumivu ndilo neno la usafi. Mgonjwa akikuambia ana uchungu mwulize unafanya nini. Inadunga. Inachoma. Inafinya. Inakata. Inawasha. Kichwa kinagonga. Tumbo linanyonga. Watu wetu ni matajiri hapo, mzee ambaye hajaingia darasa hata siku moja anaweza kukuambia inaanza kama kuwasha halafu inadunga kama mwiba ikielekea mgongoni, na daktari akisoma hivyo anajua aanzie wapi, kuliko fomu hamsini zimeandikwa maumivu ya tumbo, maumivu ya tumbo, maumivu ya tumbo. Angalia tu kifua, mtu wa huku akisema niko na kifua anamaanisha kukohoa, lakini akisema kifua kinafinya hio ni kitu ingine kabisa na haingoji.

Kwa hio grupu ya WhatsApp. Uchungu wa kusema mtu ana wivu ama kinyongo, ex mwenye uchungu, mko na machungu, wacha uchungu boss, vijana wamechukua ile maana ya moyo ambayo ilikuwepo na wakaigeuza kidogo. Zamani ukisema fulani ana machungu ulikuwa unamwonea huruma. Saa hii unamshtaki. Kama lugha sina neno, Sheng' hugeuza maneno hivyo na mengine hubaki mazuri sana. Lakini kwa matumizi haya uliyopata mimi nakasirika, wacha niseme wazi. Mtu ameuliza posho yake, kitu amefanyia kazi kwa jua, na jibu la wacha uchungu linageuza swali la pesa kuwa ugonjwa wa roho yake, hakuna tena mtu wa kujibu pesa iko wapi. Wewe rudia swali lako vile lilivyokuwa, na tarehe na kiasi, bila kujitetea kwamba huna uchungu. Na ukitaka kuwajibu kwa lugha yao, waambie ndio niko na uchungu, na kazi yangu, kwa ile na ya kujali.

Fomu sasa. Kuna wenzako wanaandika maumivu kwa kila kitu ili isomeke haraka, na faida yake ni kweli, daktari kutoka pande yoyote anaelewa, lakini umeona ilivyokufanyia, unakuwa umeamua wewe badala ya mgonjwa. Kuna wanaoandika uchungu vile ulivyosemwa na kuacha hapo, hio nayo ni kumrushia nasi kitendawili. Mimi ningeandika maneno ya mgonjwa vile alisema, kwa alama za kunukuu, halafu mahali, halafu kitendo, halafu tangu lini. Mfano, "mdomo uko na uchungu", ni ladha, hauumi akila, tangu Jumanne. Ni mstari mmoja tu. Na kama anaongea Kijaluo na wewe hausikii vizuri, andika neno lenyewe la Kijaluo hapo kando, kech ama rama, nasi wengi wa Kisumu wataelewa mara moja, usione haya kwamba fomu imechanganya lugha. Tafuta pia mama mmoja wa hapo Nyalenda, mkunga wa zamani kama yupo, ukae naye jioni mbili tatu akufundishe majina ya viungo na ya maumivu kwa Kijaluo, hio itakufaa kuliko mimi niliye mbali.

Kuna mahali lugha inaisha na lazima mtu aonekane na daktari. Mjamzito mwenye damu, ama maji yamevunjika, ama kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, ama amepata degedege, ama uchungu umemshika kabla mwezi wake haujafika, huyo haulizwi sarufi, anapelekwa usiku huo huo kituo cha karibu ama Russia, najua wazee wa Kisumu bado wanaiita hivyo hospitali ya Jaramogi. Kifua kinafinya na jasho linatoka, hivyo hivyo. Na kuna uchungu mwingine hausikiki haraka, mtu akikuambia nimechoka na huu uchungu, heri nilale nisiamke, usimwambie avumilie, na usifikirie ni msemo tu. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kumwuliza hakumpi wazo ambalo hana, kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke kwa daktari, na namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya inapigwa bila malipo.

Dani naye bado anakungoja. Rudi kwake, umwombe msamaha kwa heshima, mwambie nasi alitafuta kidonda kwa sababu wewe uliandika maumivu. Halafu mwulize kabla ya hio Jumanne alianza dawa gani, akuonyeshe karatasi ama pakiti, maana kuna dawa za kawaida, metronidazoli ni mojawapo, zinaacha mdomo na ladha chungu ama kama ya chuma. Mwulize kama amekuwa akitapika nyongo, kama kuna kitu kinapanda kooni asubuhi, kama mdomo unakauka sana na anakunywa maji mengi kuliko kawaida. Asiache dawa yoyote yeye mwenyewe. Andika majibu yote, mrudishe kwa nasi yule yule na fomu mpya, na safari hii nenda naye.